Kuagana kwa Wapulizaji

Miongoni mwa kuagana kote ambako shule huwazoeza watoto wake, tangu kumuaga mzazi langoni siku ya kwanza hadi kumuaga mwenzi wa bweni siku mitihani inapokwisha, sijaona kuagana kwenye taratibu ya pekee kama kule kwa wapulizaji wa bendi; kwa kuwa mpiga ngoma akiondoka huiacha ngoma jinsi alivyoikuta, na mwimbaji akiondoka huenda na sauti yake, walakini mpulizaji huacha nyuma chombo ambacho kwa miaka kadhaa kimepokea pumzi ya kifua chake, mate ya kinywa chake na joto la viganja vyake, na hana budi kukitia katika midomo ya mtu mwingine ilhali yeye mwenyewe yu hai, ana afya, na angali akijua kukipiga kuliko huyo anayekipokea.

Jambo hili nililijua upande wa Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, mahali ambapo mawe makubwa ya matale yameketi juu ya vilima kana kwamba yaliwekwa kwa mkono, na upepo wa ziwa huja kila alasiri ukichukua harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Nyegina ni misheni ya zamani. Mapadre Weupe waliifungua mwaka 1911, na ndiyo iliyokuwa mama wa parokia za Wakatoliki katika nchi ya Mara. Na hapo ndipo kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Makerere, alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akaitwa Julius. Sisi tuliosoma jirani na hapo tulilelewa katika habari hiyo, na walimu wetu hawakukosa kutukumbusha kila tulipolegea.

Bendi yetu haikuwa kubwa. Ilikuwa na ngoma kubwa moja, ngoma ndogo, matoazi, na safu ya wapulizaji ambayo ndiyo iliyokuwa fahari ya shule: tarumbeta, klarineti, tromboni, na besi moja nene iliyobebwa na kijana mwenye kifua kipana kuliko sote. Vyombo vilikuwa vikongwe, shaba yake imepauka, na juu ya mdomo mpana wa tarumbeta niliyokabidhiwa mimi palikuwa na kovu la lehemu lenye umbo la jani, ambalo nililizoea kwa kidole kiasi cha kuweza kuitambua tarumbeta ile gizani miongoni mwa wenzake. Mwalimu wa bendi alikuwa mzee mwenye mvi, mtaratibu wa maneno, ambaye ujanani mwake alipuliza katika bendi ya Kikosi cha 6 cha KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na kumalizia utumishi wake kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Alikuwa akitusimulia kwamba tarumbeta yake ya kwanza aliipokea mkononi mwa askari aliyerudi Burma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba askari yule hakumpa mafunzo marefu, bali alimgusa tumbo akamwambia pumzi ianzie hapa, chini ya mkanda, kifua ni njia tu.

Mzee huyo alipenda tujue kuwa hatukuwa wa kwanza. Jioni za Jumamosi, baada ya mazoezi, alikaa juu ya jiwe akatueleza jinsi shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1892, ilivyokuwa na bendi ya wanafunzi waliopuliza shaba mbele ya wakubwa wa dola ile. Na jinsi vijana wa pwani, tangu miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, walivyoigeuza bendi ya wageni kuwa ngoma yao wenyewe ya beni, wakajigawa katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa vyeo, kwa tungo na kwa karamu, hata baada ya Vita vya Kwanza Marini na Arinoti wakawa wamekwisha kuenea bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Sisi watoto wa ziwani, ambao kwetu chombo cha heshima ni ngoma, na kwa jirani zetu Wakuria ni litungu, tulistaajabu kusikia kwamba shaba ile iliyokuwa mikononi mwetu ilikuwa na nasaba ndefu hivyo katika nchi yetu. Nadhani alikusudia tuone kwamba chombo hakikuanza nasi, ili isije ikatushangaza siku tutakapoambiwa kwamba hakitakwisha nasi.

Lakini sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa pumzi. Mwanafunzi mpya hakugusa chombo kwa majuma. Alisimamishwa mbele ya ukuta wa darasa akapewa kipande cha karatasi, akakishika ukutani kwa kidole, kisha akaondoa kidole na kukizuia kisianguke kwa kukipuliza tu, na mwalimu akihesabu polepole nyuma yake. Aliyeangusha karatasi mapema hakukemewa. Aliambiwa aiokote aanze tena. Tulisimama pale safu nzima, nyuso zimevimba, karatasi zikitetemeka ukutani, na wapiga ngoma wakipita nyuma yetu wakituonea huruma, kwa kuwa wao siku ile ile walikwisha kuruhusiwa kupiga.

Baada ya karatasi likaja somo la pili, nalo ndilo lililonifaa kuliko yote niliyofundishwa shuleni, pamoja na hesabu na jiografia. Wimbo wa taifa tulioupiga kila asubuhi kwenye paredi, ambao sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, una sauti ndefu ambazo hazina budi kuvutwa bila kukatika. Na kifua cha kijana wa miaka kumi na sita, hata kikiwa hodari namna gani, hakiwezi kuvuta sauti kama hiyo mpaka mwisho bila kupumua. Wengi hudhani kwamba bendi nzuri ni ile ambayo wapulizaji wake wana vifua visivyochoka. Mwalimu alitufundisha kinyume cha hayo: kwamba kila mmoja lazima apumue, kwamba hakuna aibu katika kupumua, ila aibu ni kupumua pamoja na jirani yako, maana hapo ndipo pengo linapofunguka na watu wote wakalisikia. Basi tukazoea kuibia pumzi. Mmoja akitaka kuvuta hewa hupunguza sauti yake taratibu mpaka inapotea ndani ya sauti za wenzake, huvuta, kisha hurudi kwa upole kama alivyotoka, na wa pembeni mwake wakati huo hujikaza kidogo ili kumfunika. Hatukuwa na ishara ya mkono wala ya jicho. Tulijuana kwa mabega; niliweza kuona kwa pembe ya jicho bega la mpiga tromboni likianza kuinuka, nami nikajua kwamba zamu yangu bado.

Wasikilizaji pale uwanjani walisikia sauti moja ndefu isiyokatika, na hapana hata mmoja wao aliyejua kwamba ndani ya sauti ile kila mmoja wetu alikuwa ameondoka na kurudi.

Miaka yenyewe ilikuwa migumu. Vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimeimaliza hazina ya nchi, na kufikia 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilikuwa vitu vya kupanga foleni. Sembuse vipuri vya tarumbeta, ambavyo hata siku za neema haviuzwi Musoma. Springi ya pistoni ikikatika, tuliipeleka mjini kwa fundi wa baiskeli, naye alichambua nyuzi za waya wa breki, akazivingirisha juu ya msumari, akapasha moto na kuzamisha katika mafuta mpaka akapata springi iliyosukuma pistoni juu, ingawa ilipiga kelele kidogo. Mafuta ya kulainishia pistoni yalikuwa ya cherehani, yaliyochanganywa na tone la mafuta ya taa. Vifuniko vya matundu ya klarineti vilikatwa katika ngozi laini ya mbuzi. Shaba tuliisugua kwa majivu yaliyochekechwa na maji ya ndimu, na mwalimu alikataza mchanga kabisa, akisema kwamba mchanga hung'arisha leo kwa kula kesho. Nasimulia haya kwa kuwa katika kutengeneza ndiko nilikojifunza kuitazama tarumbeta kama amana. Mtu anayepewa kitu kipya hukiona chake. Lakini anayeketi usiku akipima unene wa ngozi ya mbuzi, na kukuta chini yake kipande kikuukuu kilichokatwa na mkono mwingine miaka mingi kabla yake, hujua kwamba yumo katikati ya safari ya kitu hicho.

Katikati ya mwaka wetu wa mwisho, yaani 1984, ndipo mwalimu alipotueleza desturi ya bendi yake. Sisi tuliokuwa kidato cha nne tulikuwa tumekwisha kuanza kuota mahafali, siku ambayo wazazi hufika kutoka vijijini, wageni wa heshima hukaa chini ya turubai, na bendi hupiga tangu kuingia kwa mgeni rasmi hadi kuondoka kwake. Na hapana aliyekuwa na shaka kwamba siku hiyo ni yetu. Mwalimu alitukusanya akasema kwamba tangu siku ile hadi mahafali kila mmoja wetu atakuwa na mdogo wake wa kumfundisha, na kwamba siku yenyewe sisi tutakaa katika viti vyetu vya kawaida, tumevaa sare zetu, lakini vyombo vitakuwa mikononi mwa wadogo.

"Mtashika karatasi za nota," akasema, "na mtafungua kurasa. Hampulizi."

Mmoja wetu, mpiga besi, akauliza kwa adabu kama hatungeweza kupiga angalau wimbo mmoja wa mwisho. Mwalimu akamjibu kwamba wimbo wa mwisho tulikwisha kuupiga juma lililopita, ila hatukujua.

Huyo mdogo niliyepewa mimi alikuwa kijana wa kidato cha pili kutoka upande wa Mkirira, mwana wa mvuvi, mwembamba, mwenye masikio mepesi ajabu: aliweza kuimba sauti yoyote uliyompigia mara moja tu. Kasoro yake ilikuwa ile ya wanaoanza wote. Alipotaka sauti ya juu alijikandamizia tarumbeta mdomoni kwa nguvu zake zote, hata ikamwachia alama ya duara iliyovimba, na jioni akawa hawezi kunywa uji wa moto.

"Kaka, midomo inauma," akaniambia siku moja.

Nikamwambia kwamba midomo inauma kwa sababu mikono yake inafanya kazi isiyo yao. Nikatafuta kamba, nikaifunga tarumbeta na kuitundika katika tawi la mwembe, ikaning'inia usawa wa uso wake. Nikamwambia aweke mikono nyuma na kupuliza. Kila alipojaribu kuikandamiza, ikamkimbia ikayumba. Hana budi aisogelee taratibu, aiguse kwa midomo tu, na kuiachia pumzi ifanye kazi. Siku ya kwanza hakutoa kitu ila upepo. Baadaye ikaanza kutoka sauti moja, nyembamba lakini safi. Na nilipoisikia ile sauti ikitoka katika tarumbeta inayoelea hewani bila kushikwa na mkono wa mtu, nilipatwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata katika kupuliza kwangu mwenyewe, na papo hapo nikapatwa na huzuni, kwani nilitambua kwamba ile ilikuwa sauti yake na si yangu, na kwamba tarumbeta ilikuwa imekubali.

Siku ya mahafali mama yangu alikuja kwa miguu kutoka Etaro, amejifunga khanga yake nzuri, amebeba furushi la michembe na karanga. Alikuwa amekuja kunisikia. Sikuwa nimemwandikia habari ya desturi ya mwalimu, kwa kuwa barua zilichelewa na kwa kuwa sikujua ningeliandikaje. Nilimwona akikaa katika safu ya nyuma ya wazazi, akanitafuta kwa macho, akanipata, na akatulia kusubiri.

Bendi ikapiga. Nikakaa upande wa kushoto wa yule kijana, karatasi ya nota mkononi, nikifuatisha kwa kidole pale alipokuwa. Alianza vizuri. Tulipofika katika ile sauti ndefu ya wimbo wa taifa niliona bega lake likiinuka, na wakati ule ule bega la mpiga tromboni mpya likainuka pia, nikajua kabla ya kusikia, pengo likafunguka. Kifua changu kikajaa hewa chenyewe. Pumzi ilikuwapo, tayari, ya kutosha kuliziba pengo lile na kuvuka mpaka ng'ambo, wala hapakuwa na chombo cha kuipeleka. Nimekwisha kuishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika wazazi na nimelea watoto, na bado najua barabara jinsi pumzi ile ilivyokuwa nzito ndani yangu. Kisha klarineti wa nyuma, kijana mdogo kuliko wote, akajikaza akaifunika nafasi ile, tromboni akarudi, mdogo wangu akarudi, na wimbo ukaendelea. Mwalimu, aliyekuwa mbele yao, hakugeuza uso.

Shughuli ilipokwisha mama alinijia akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikamweleza. Akanyamaza akimtazama yule kijana aliyekuwa anafuta tarumbeta kwa kitambaa, akaniuliza ni mtoto wa nani na kwao ni wapi, na kama mama yake amekuja. Nikasema mama yake hakuja. Basi akafungua furushi lake, akaligawa sehemu mbili kwa uangalifu, karanga kwa karanga, akaniambia nimpelekee sehemu yake.

Sitasema kwamba desturi ile haikuumiza, wala kwamba iliwafaa wote sawasawa. Mpiga besi wetu alikuwa yatima aliyelelewa na babu yake, na babu yule naye alitembea njia ndefu. Na mpaka leo, nikifikiri habari yake, naona kwamba mwalimu angeweza kumwachia wimbo mmoja bila ya kuharibu neno. Walakini naamini kwamba katika jambo kuu alikuwa na haki. Aghalabu tunaagana na kazi zetu kwa kuzifanya mara ya mwisho kwa ushujaa, watu wakatushangilia, kisha tukaondoka na ujuzi wetu tukiwaachia wenzetu sifa zetu tu. Na wao, siku ya pili, huanza kupapasa pale pale tulipoanza sisi. Yeye alitaka wadogo waanguke ilhali sisi tungali tupo. Alitaka pengo lifunguke siku ambayo palikuwa na mtu wa kuliona, ili kesho yake pawe na mtu wa kulieleza.

Miaka michache baadaye serikali ilinipeleka China kusomea uhandisi wa maji, nikakaa katika mji wa Wuhan, kando ya mto Yangtze. Ni mji wa watu wanaoheshimu muziki tangu kale: katika makumbusho ya mkoa wa Hubei zimewekwa kengele 65 za shaba zilizofukuliwa mwaka 1978 katika kaburi la mtawala aliyezikwa yapata mwaka 433 kabla ya Kristo, na pamoja nazo yalipatikana mabaki ya sheng, chombo cha mianzi kinachopulizwa kwa kinywa. Mwalimu wetu wa lugha, mama mpole aliyekuwa na mtoto katika shule ya sekondari, alinialika jioni moja ya kiangazi kusikiliza okestra ya shule hiyo, okestra ya vyombo vya Kichina vitupu, katika kuwaaga wapulizaji wakubwa waliokuwa wanamaliza. Nikaona filimbi za mianzi, dizi, ambazo tundu lake moja hufunikwa kwa utando mwembamba wa tete, na utando huo ndio unaoipa sauti ule mvumo wake wa kutetemeka. Nikaona sheng, mianzi yake imesimama wima kama kundi la vidole. Na nikaona suona, nikashangaa, maana ilikuwa ni zumari ya pwani yetu.

Nasema hivi bila kutia chumvi. Suona na zumari ni wa ukoo mmoja, ukoo ambao asili yake ni nchi za Uajemi na jirani zake, ukatembea kwa njia za biashara mashariki hadi China na kusini kwa jahazi hadi kwetu. Tete ni lile lile la kutiwa kinywani, mdomo mpana ni ule ule, na hata hila ya kupumua ni ile ile: mpulizaji hujaza mashavu hewa, akaisukuma kwa mashavu huku akivuta nyingine kwa pua, ili sauti isikatike hata dakika. Baadaye kazi yangu ya maji iliponifikisha Unguja, niliketi karibu na mzee mmoja mpiga zumari katika ngoma ya harusi, nikayaona mashavu yake yakijaa na kupungua, nikawakumbuka vijana wa Wuhan. Na sheng ina ajabu yake: husema unapopuliza, na husema vile vile unapovuta hewa ndani, hata mpigaji wake hana haja ya kuibia pumzi, kwani kupumua kwake nako ni muziki. Wazungu walipojifunza siri ya vijiti vyake vya ndani ndipo, baada ya muda, wakaja kuunda kodiani, na kodiani ndiyo hiyo iliyofika Zanzibar ikakaa katika taarab pamoja na udi na kanuni kana kwamba ilizaliwa Malindi.

Kule Wuhan wakubwa walipiga, tena walipiga vizuri sana, wakipewa kila mmoja kipande chake. Lakini kabla ya wimbo wa mwisho walisimama, wakaenda nyuma ya viti vya wadogo, na mpiga suona mkubwa akatoa mfukoni kisanduku kidogo cha matete aliyoyachonga kwa mkono wake, akampa mrithi wake mbele ya watu wote. Suona yenyewe ilikuwa mali ya shule. Tete ni la mtu. Huchongwa kufuata mdomo wake na nguvu ya pumzi yake, na mwingine akilitia kinywani hulikuta gumu au laini mno. Yule mdogo alilijaribu tete moja pale pale, likatoa sauti mbaya, watu wakacheka kwa upendo, naye akatoa kijisu akaanza kulikwangua kidogo kidogo ili limfae. Mkubwa wake akainama akamwonyesha wapi pa kukwangua. Wimbo ulisubiri mpaka walipokwisha.

Tangu hapo nimepita katika shule nyingi, kwa ajili ya visima na matangi yake, na si mara moja nimefunguliwa stoo nikaona tarumbeta na tromboni zimelala katika vumbi, zawadi ya wafadhili wa zamani, shaba imekuwa kijani, pistoni zimeganda. Nikiuliza, huambiwa kwamba palikuwa na mwalimu hodari akahamishwa, au palikuwa na vijana hodari mno wakamaliza shule. Hawasemi kwamba vyombo viliharibika, viliharibika baadaye. Kwanza waliondoka watu, wakaondoka siku ile ile wote, wakishangiliwa. Ningependa wakuu wa shule wenye vyombo vya namna hii, wawe wa Mara au wa kwingineko, wajue kwamba muhula wa mwisho wa mpulizaji hodari ni mali ya shule, na kwamba akiutumia wote katika kujipigia mwenyewe wamepata hasara, hata kama mahafali yalipendeza.

Mwalimu wetu alifariki miaka mingi iliyopita. Yule kijana wa Mkirira nilimkuta mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, mtu mzima mwenye boti na wajukuu, akaniita kaka kama zamani. Tuliketi tukala sato, nikamuuliza jambo lililokaa nami muda mrefu: kwa nini asubuhi ile tulipopanda lori kuondoka, wadogo wote wa bendi walikuja barabarani kutuaga isipokuwa yeye. Akaniambia kwamba alipomaliza kupiga siku ya mahafali alimwendea mwalimu akitumaini kusifiwa, na mwalimu akamwambia ya kuwa alipumua pamoja na tromboni, basi kesho saa kumi na mbili asubuhi awe chini ya mwembe pamoja na kamba. Lori letu lilipita akiwa amefunga mikono nyuma. Alisikia honi, akataka kukimbia, na mwalimu akamwambia avute sauti ile kwanza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama aliweza. Akasema siku ile hapana, ila mwaka uliofuata alimfundisha vivyo hivyo mtoto mmoja wa Majita, na yule aliweza mapema kuliko sisi sote.